Kutulia na alama yako: mwongozo kamili wa safari ya ndani, kutoka Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Hii ntaiandika ndefu, kwahiyo kama uko kwenye daladala ihifadhi kwanza uje uisome jioni ukiwa umekaa, maana ni mambo ya kufanya, sio ya kupitisha macho tu.

Mama yangu alifariki 2021, tukamzika Mpwapwa, na baada ya siku saba mimi nikarudi Dodoma mjini kazini kama vile hakuna kilichotokea. Mchana niko sawa, naongea na watu, nacheka, lakini ikifika saa nane usiku macho wazi, kichwa kinakimbia, mara deni, mara ada ya mtoto, mara lile neno nililomjibu mama kwenye simu kwa hasira na sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Nikasali, nikafunga, bado. Kuna mtu akaniambia nyota yangu imefunikwa, nikatoa laki na nusu isafishwe, nikapewa kitambaa chekundu niweke chini ya mto, na usiku ule ule saa nane macho yakafunguka kama kawaida. Iliniuma sana na sio hela peke yake, iliniuma kwa sababu nilikwenda pale na kilio cha kweli kabisa na kile kilio changu kikafanywa biashara.

Kilichokuja kunishika mkono ni kukaa kimya kila siku kwa utaratibu, na baadae kukaa kimya nikiwa na kitu kimoja mkononi ambacho ni cha kwangu, chenye historia yangu. Hicho ndo naita alama. Ukitaka kubeba neno moja tu kwenye maandishi yote haya basi libebe hili, alama yako tayari unayo, iko nyumbani kwenu au njiani unapopita kila siku, na hakuna mtu anayeweza kukuuzia.

KWANZA TUELEWANE KUHUSU DINI

Najua ukisema meditesheni huku kwetu kuna watu wanashtuka, wanaona ni mambo ya kuita mizimu. Kwa Kiswahili cha vitabuni inaitwa taamuli, na maana yake ni kuweka moyo na akili mahali pamoja muda mrefu bila kuhangaika. Mkristo akifungua Yoshua 1:8 anaambiwa ayatafakari maneno yale mchana na usiku, na Zaburi 46:10 inasema acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu. Acheni, yani simamisha mikono. Muislamu ana dhikiri, ana tasbihi yenye punje 33 au 99, ana itikafu msikitini siku kumi za mwisho za Ramadhani, na Qurani 13:28 inasema kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia. Wabudha wana habari za Buddha aliyekaa chini ya mti mpaka akaelewa. Kwahiyo wewe ingia kwa mlango wa nyumbani kwenu. Kama sala yako ina maneno anza nayo na umalizie nayo, haya ntakayoeleza yanakaa katikati.

Sasa kuhusu alama na hirizi, hapa naomba usome taratibu. Hirizi mtu anaivaa imfanyie kazi yeye akiwa amelala. Alama unaishika ikukumbushe kazi yako ukiwa macho. Kipimo ni rahisi, ukiona umeanza kuogopa kutoka nyumbani bila ile alama, au umeisahau ukahisi mkosi utakupata, ujue imeshageuka hirizi mikononi mwako, ifungie kabatini wiki nzima na uendelee na pumzi peke yake. Mimi ilishanitokea na nikafanya hivyo.

HATUA YA KWANZA: MAHALI NA SAA

Huhitaji chumba maalumu. Mimi tunakaa watano vyumba viwili, nilianza uani nimekalia ndoo ya lita ishirini niliyoigeuza, nyuma ya simtanki, saa kumi na moja alfajiri kabla jirani hajaanza kufagia. Saa hiyo Dodoma ni saa nzuri jamani, upepo umelala, vumbi limetulia, unasikia adhana ya msikiti wa mtaani halafu baada ya muda kengele ya kanisa, na kati ya hizo mbili kuna ukimya wa ajabu. Mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, jifunge kanga mbili au koti, usijifanye shujaa maana mwili ukitetemeka akili yote inahamia kwenye baridi. Mwezi wa tisa na wa kumi upepo unaweza kuwahi, hapo ingia ndani.

Waambie watu wa nyumbani. Hii wengi wanairuka halafu wanalalamika wanasumbuliwa. Mimi nilimwambia mume wangu, baba fulani, nusu saa hii usiniite hata kama chai imeungua, na wanangu wakajua mama akiwa kwenye ndoo asiulizwe soksi ziko wapi. Simu iache ndani kabisa, ukihitaji alamu iweke mbali ilie huko huko, sio mapajani.

Kaa kwenye kigoda, kiti au mkeka, vyovyote, ila mgongo unyooke bila kukakamaa, mikono juu ya mapaja. Usilale chali, utasinzia.

HATUA YA PILI: PUMZI

Funga macho au yaangushe chini kama hatua mbili mbele yako. Weka kiganja kimoja tumboni chini ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, tumbo liinue kiganja, kifua kisipande sana. Halafu itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Usiibane katikati. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hiyo ndo siri yote ya hatua hii, kwa sababu unapotoa pumzi moyo unapunguza mwendo kidogo na unapovuta unaongeza, kwahiyo ukirefusha kutoa unauambia mwili hakuna simba hapa, tulia. Ukiona kizunguzungu ujue unavuta kwa nguvu mno, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Mwenye pumu au mwenye tatizo la moyo asilazimishe hesabu yoyote, aifuate pumzi yake jinsi inavyokuja tu.

Fanya pumzi kumi, ukimaliza anza tena moja. Siku za kwanza dakika tano zinatosha, nakwambia ukweli, mtu anayeanza na nusu saa siku ya nne hayupo. Tano wiki ya kwanza, kumi wiki ya pili, na wiki hizo mbili usishike alama yoyote. Najua utatamani. Vumilia, maana alama ikikuta moyo unachemka itazama ndani ya kelele na wewe utasema haifanyi kazi.

HATUA YA TATU: AKILI IKITOROKA

Itatoroka. Utahesabu mpaka nne halafu utajikuta unawaza kikao, unawaza bei ya mkaa, unagombana na mtu ambaye hata hayupo. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanasema mimi siwezi kutulia, nina mawazo mengi. Ndugu yangu, kila mtu ana mawazo mengi.

Nimekulia kwenye mbuzi. Mbuzi akiingia kwenye shamba la uwele la jirani humpigi mpaka umvunje mguu, na pia hukai chini ukalia kwamba wewe ni mchungaji mbaya, unakwenda tu, unamgeuza shingo, unamrudisha kundini, na baada ya dakika tano anaingia tena na wewe unakwenda tena. Kuchunga ni huko kwenda na kurudi. Kwahiyo ukigundua umetoroka sema kimoyomoyo "nimerudi", anza moja. Ukirudi mara thelathini ndani ya dakika kumi basi umefanya mazoezi mara thelathini. Mimi siku ambazo nilirudi mara nyingi zaidi ndo siku ambazo mchana wake sikumfokea mtu, na hiyo nimeiona mara nyingi kwenye daftari langu.

HATUA YA NNE: KUITAFUTA ALAMA

Hapa ndo moyo wa jambo, tukae kidogo.

Watu wakisikia alama wanakimbilia kununua, mawe ya rangi, cheni, picha za kuchapisha, mishumaa yenye harufu. Sikatai, lakini kitu ulichonunua jana hakikujui. Alama nzuri imekaa na wewe au na watu wako, ina mahali ilipoumia, ina mkono uliowahi kuishika.

Fanya hivi. Chukua siku moja ya mapumziko, usiwe na haraka. Asubuhi baada ya kukaa kwako kimya, andika majibu ya maswali haya bila kuyapamba: Nyumbani kwetu nilipokuwa mtoto kulikuwa na kitu gani ambacho hakikutupwa hata kilipoharibika? Ni mti gani, mlima gani, mnyama gani nikimuona moyo unashtuka kidogo? Kazi yangu inatumia kifaa gani ambacho bila chenyewe sifanyi kitu? Ni kitu gani kinanirudia kwenye ndoto? Ukimaliza, tembea. Kwa miguu, saa nzima, mtaani kwako au ukapande Mlimwa ukaangalie mji kwa juu, na usitafute kwa nguvu, angalia tu macho yanarudi wapi.

Nikupe mifano ya watu ninaowajua. Kuna fundi ujenzi hapa mtaani alama yake ni timazi, ile ya kamba na kijiwe cha chuma cha kupimia ukuta, anaitundika kwenye msumari anakaa mbele yake mpaka iache kuyumba, na anasema timazi ikitulia ndo na yeye anajua ametulia. Mwenyewe alikuja kugundua baadae kwamba nabii Amosi nae alioneshwa timazi, iko sura ya 7, akaja kunigongea mlango saa moja usiku kunionesha. Shemeji yangu ana shamba la zabibu Mpunguzi, alama yake ni tawi la mzabibu lililopogolewa, na kama hujawahi kuona shamba baada ya kupogoa utadhani limekufa lote, vijiti vikavu vya kahawia safu kwa safu, halafu baada ya siku chache kwenye kila fundo kinatokea kichomozo cha kijani kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Alipofukuzwa kazi alikaa na kile kijiti asubuhi baada ya asubuhi. Jirani yangu mwingine ana tasbihi ya marehemu baba yake, punje moja imeng'oka akaweka kipande cha uzi wenye fundo pale, na anasema vidole vyake vikifika pale kwenye fundo ndo anamuombea baba.

Unaona hakuna hata mmoja aliyekwenda dukani.

Ukishapata vitu viwili vitatu vinavyokuvuta, vipime. Je, naweza kukishika au kukiona kila siku bila gharama? Je, naweza kumuonesha mama mkwe, mchungaji au shehe bila kuficha? Je, nikikiangalia kinanirudisha kwenye jambo la kweli kwenye maisha yangu, au kinanipeleka tu kwenye kutaka kuonekana mtu wa kiroho? Hilo la tatu lijibu ukiwa peke yako. Halafu chagua kimoja. Kimoja tu, kwa siku arobaini. Mwenye alama tano hana hata moja, kila akichoshwa na hii anarukia ile, na pale pale anapochoka ndo mlango ulipokuwa unataka kufunguka.

HATUA YA TANO: KUKAA NA ALAMA

Ntaeleza kwa kutumia ya kwangu kwa sababu ndo ninayoijua mpaka mwisho.

Tulipogawana vitu vya mama wenzangu walichukua vitenge na sufuria, mimi nikabaki na kibuyu cha maziwa ambacho kilikuwa cha bibi. Kimepasuka. Kuna ufa umeshuka kutoka shingoni mpaka karibu na tumbo, urefu kama shubiri, na bibi alikishona. Ukikiangalia karibu unaona pande mbili za ufa vitundu vidogo vidogo vya kutoboa na shazia iliyopashwa moto, kingo zake nyeusi kwa kuungua, na ndani ya vitundu umepita uzi wa nyuzi za gome la mbuyu, umesokotwa kwa paja, unakwenda na kurudi kama mtu anayefunga kiatu. Nimehesabu, ni mishono kumi na tisa. Wa tatu kutoka juu umelegea. Kwa juu amepaka mafuta mpaka uzi na kibuyu vimekuwa rangi moja, na ukinusa, mpaka leo, kuna harufu ya mbali ya maziwa ya mgando na moshi.

Sasa utaratibu, dakika ishirini.

Anza na pumzi, dakika tano, kama ulivyozoea. Halafu fungua macho uiangalie alama dakika tano nyingine, bila kuifikiria maana. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Iangalie kama fundi anavyokagua kitu kabla ya kukitengeneza, rangi, kovu, uzito, ubaridi, harufu. Kila siku tafuta kitu kimoja ambacho jana hukukiona, mimi ule mshono uliolegea niliuona siku ya kumi na moja, siku zote uko pale na sikuuona.

Halafu funga macho uione kwa ndani. Wengine picha inakuja safi, wengine hawaoni kitu ila wanahisi tu kwamba ipo, zote sawa. Hapo iulize swali moja fupi. Swali langu siku zile lilikuwa "kinauma nini leo?" Uliza mara moja tu halafu rudi kwenye pumzi. Usijijibu. Majibu unayojijibu haraka ni yale ambayo ulishayajua, na mara nyingi ni ya kujilaumu. Kaa. Siku nyingi hakuna kinachokuja, unanyanyuka unaenda kuandaa watoto, na siku hizo ni halali kabisa, andika "hakuna" kwenye daftari.

Siku ya kumi na tisa kwangu kilikuja kitu. Nilikuwa naupitisha mkono kwenye ufa, nikakumbuka kwamba bibi angeweza kukitupa kile kibuyu, vibuyu vinaota tu shambani, havinunuliwi. Alikaa chini akatoboa vitundu thelathini na nane kwa mkono kwa ajili ya kitu ambacho angeweza kukipata bure. Nikalia pale kwenye ndoo mpaka kanga ikaloa, na kilichokuwa kinalia ni lile neno la kwenye simu, kwamba ule ufa kati yangu na mama siwezi kuuziba uonekane haukuwepo ila naweza kuushona. Siku hiyo hiyo nikampigia mama mdogo, ambaye alikuwa chumbani na mama siku ile, nikamwambia neno langu lote. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, mama yako alicheka ulipokata simu, akasema huyu ana hasira kama mimi." Miaka yote ile nimebeba mzigo ambao mwenyewe mama hakuwa nao.

Dakika za mwisho, shukuru au sali kwa dini yako, iguse alama, irudishe mahali pake. Iwe na mahali pake, mimi niliitundika ukutani jikoni, watu walikuwa wanaiona na hawajui chochote.

DAFTARI

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila siku tarehe, dakika ngapi, neno moja la hali ya mwili, na kitu kimoja kipya nilichoona kwenye alama. Mistari mitatu. Usiandike kwa simu, utashuka chini kidogo utakuta uko kwenye stetasi za watu. Kila siku ya kumi soma nyuma, utaona vitu vinavyojirudia ambavyo kichwa kilikuwa kinavikwepa.

HATUA YA SITA: TOKA NJE, IFUATE ALAMA

Ukifika kama siku ya ishirini, alama inaanza kukupeleka mahali. Ya kwangu ilinipeleka kwenye mbuyu, kwa sababu ya ule uzi.

Dodoma tunapita kwenye mibuyu kila siku hatuiangalii, na wengine tunaiogopa kwa hadithi tulizosikia utotoni. Nenda mchana na mtu wako kama unaogopa, kaa chini yake dakika ishirini, weka kiganja kwenye shina. Mbuyu mwingine unapita miaka elfu moja. Shina linahifadhi maji, na kiangazi chote hapa kwetu, kuanzia kama mwezi wa tano mpaka mvua za mwezi wa kumi na mbili, unasimama bila majani kama mti uliong'olewa ukapandwa mizizi juu, uko hai. Maua yake yanafunguka usiku na popo ndo wanayatembelea. Na watu wakichuna gome kwa ajili ya kamba, mti haufi kama inavyokuwa kwa miti mingi, gome linaota tena, utaliona limekunjamana pale chini kama ngozi ya goti la tembo. Nilipojua hilo nikaelewa ule uzi wa bibi umetoka kwenye kidonda cha mti ambacho kilipona, na nikakaa na wazo hilo wiki nzima. Tunasema mbuyu ulianza kama mchicha na tunalitumia kwa hela na biashara, ila kaa nalo ukiwa umeegemea mbuyu wenyewe.

Ukiweza nenda Kolo, wilaya ya Kondoa. Kutoka Dodoma mjini ni kama kilometa 180 barabara ya Arusha, lami tupu. Kule kuna michoro ya miambani, maeneo zaidi ya 150, UNESCO waliyaingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Unaanzia ofisi ya kituo cha michoro pale pale Kolo, unalipia kiingilio, unapewa mtu wa kukuongoza, kisha mnapanda mlima kwa miguu kwahiyo beba maji na viatu vya kushika jiwe. Utaona watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, pofu yule swala mkubwa, wamechorwa kwa rangi nyekundu, na kwengine michoro myeupe ambayo ni ya baadae, ya wakulima na wafugaji. Pale Mungomi wa Kolo, moja ya maeneo hayo ya michoro, wenyeji mpaka leo wanakwenda kufanya matambiko ya mvua na ya kuponya, kwahiyo uingie kwa heshima kama unavyoingia nyumba ya ibada ya mwenzako, usipige kelele, usiguse, na tafadhali usimwagie maji mchoro ili ung'ae kwenye picha, maji yanauharibu.

Ukifika, omba mwongozaji akuachie dakika kumi za ukimya. Chagua mchoro mmoja tu. Pumua nne, sita. Mimi nilichagua mtu mmoja aliyefifia mpaka kiunoni, miguu haipo tena, na nilivyokuwa namuangalia nilikuwa najiuliza aliyemchora alitaka kukumbuka nini, maana nae alikaa kwenye jiwe hili hili na upepo huu huu akashika rangi. Hapo ndo niliona kwamba kushika alama ili moyo usipotee sio jambo la kigeni lililoletwa na intaneti, hapa katikati ya nchi watu wamelifanya tangu zamani sana.

Kama hela ya safari haipo usijisikie vibaya, kaa na mti wa kwenye kiwanja chenu.

MAMBO YA KUWA MAKINI NAYO

Ukimya unafukua. Kwa mtu aliyepitia jambo zito, kupigwa, kubakwa, ajali, kuona kifo, inawezekana siku moja ukakaa na kumbukumbu ikarudi kwa nguvu mpaka mwili unatetemeka. Likikupata hilo, fungua macho, kanyaga chini kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kunywa maji, na usirudi kukaa peke yako siku hiyo. Ikijirudia, au kama unasikia sauti, au unawaza kujidhuru, au usingizi umekataa wiki nyingi, nenda hospitali. Tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hapa hapa Dodoma, na naomba sana tuache kuitaja kama tusi, watu wanaingia na wanatoka wakiwa wamepona na wanarudi kazini. Kama una dawa ulizopewa usiziache kwa sababu umeanza kutafakari.

Jingine, mtu akikuambia alama yako "inahitaji kufunguliwa" kwa malipo, au akuombe picha yako, nywele, jina la mama yako, ondoka.

Na usimhubirie mtu. Mume wangu alianza mwenyewe baada ya miezi saba, sikuwahi kumwambia neno, alikuja tu alfajiri akageuza ndoo ya pili akakaa.

ALAMA IKIMALIZA KAZI

Siku arobaini zikiisha unaweza kuendelea nayo, au utaona yenyewe imekaa kimya, unaiangalia kwa upendo lakini haikuulizi tena kitu. Hapo usiivute kwa nguvu. Pumzika wiki mbili na pumzi tupu, halafu rudia maswali ya hatua ya nne. Mimi sahivi nipo kwenye alama ya tatu.

Kibuyu nimempa binti wa dada yangu, anaolewa mwezi wa nane, anahamia Manyoni. Kabla sijampa nilitaka kuukaza ule mshono wa tatu uliolegea, nikaomba nyuzi za mbuyu kwa mzee mmoja sokoni, nikasokota kwa paja kama nilivyowahi kuona, nikakaa nao asubuhi mbili. Mwishowe nikauacha jinsi bibi alivyouacha, ule uzi mpya nikauzungusha shingoni mwa kibuyu nikafunga fundo moja, nikampa nao.